Kingalawa Kinachokwenda: Maswali ya Wasomaji na Majibu ya Mafundi

Barua nyingi safari hii zinauliza jambo moja: namna ya kuunda chombo kidogo pamoja na watoto, kikaenda kwa tanga kweli badala ya kukaa juu ya kabati. Tumechagua nane. Vipimo vyote ni vya sentimita (sm), isipokuwa pale tuliposema vinginevyo.

SWALI: Assalaam alaykum. Nina watoto wawili, wa miaka 8 na 11. Wanataka ngalawa ya kuchezea maji yakipwa. Mimi si fundi. Nina msumeno, kisu, nyundo na patasi moja. Nianze na mti gani, na vipimo vipi? — Baba Salma, Jambiani

JIBU: Waalaykum salaam, Baba Salma. Zana hizo zinatosha. Ongeza drili ya mkono yenye ncha ya milimita 4, na msasa wa namba 80 na 180.

Mti wa kuanzia ni msufi. Ngalawa za wavuvi huchongwa sana kwa mwembe, lakini kwa chombo cha mtoto mwembe ni mzito, na utomvu wake ukiwa mbichi unawasha ngozi. Ukiletewa kipande usichokijua, kipime hivi: kata kibao chenye unene wa sm 5, kilaze kwenye ndoo ya maji, chora mstari pale maji yalipofika. Kikizama sm 1.5 hadi 2 kinafaa. Kikizama sm 3 au zaidi, kitafutie kazi nyingine.

Gogo la mwili liwe na urefu wa 60, upana 7 na kimo 7. Kabla patasi haijagusa kitu, chora mstari wa katikati juu, chini, na kwenye ncha zote mbili. Mstari huu ndio unaorukwa na wengi, na chombo kisichokuwa nao huenda upande maisha yake yote. Chonga nje kwanza, ndani baadaye, kwa sababu gogo likishachimbwa halishikiki vizuri na ubavu hupasuka kwa pigo moja. Omo ianze kuchongoka sm 15 kutoka mbele, tezi sm 10 kutoka nyuma. Chini pasiwe bapa wala duara. Pawe na ukali kidogo katikati, ndio unaokizuia chombo kusukumwa ubavu na upepo.

Kuchimba ndani ndiko kunakoogopwa, kwa kuwa haijulikani ubavu umebaki unene gani. Kuna dawa yake. Funga utepe kwenye ncha ya drili, sm 1 kutoka mwisho, kisha toboa nje ya mwili vitundu kumi na mbili hivi, kila kimoja kikiishia kwenye utepe. Chukua chelewa za ufagio, zitie rangi nyeusi, zichovye gundi ya epoksi (ile ya mirija miwili), zisukume ndani ya vitundu na uzikate usawa wa mti. Sasa chimba. Mahali kidoa cheusi kinapotokea kwa ndani, hapo ubavu umefika sm 1, acha. Kazi ya kuvitafuta vidoa mpe yule wa miaka 8, na neno lake liwe la mwisho: akisema kimeonekana, patasi inasimama. Chini ya mwili acha sm 1.5.

Ndubi, yaani vibao viwili vinavyoelea ubavuni, viwe na urefu wa 36, upana 2.5 na unene 1.5, na omo zake zipinde juu kidogo. Mirengu, ile miti miwili inayoshika ndubi, iwe vipande vya mwanzi vya sm 50, unene wa penseli. Wa kwanza uwe sm 18 kutoka omo, wa pili sm 42. Kila ndubi ikae sm 20 kutoka mstari wa katikati. Funga kwa uzi wa nyavu, usipige msumari. Msufi hupasuka kwa msumari, na kamba inalegea kidogo chombo kinapopigwa na wimbi, ndiyo maana haikatiki. Kimo cha ndubi kina kipimo kimoja tu: chombo kikikaa sawa majini, zote mbili ziguse maji bila kuzama. Zikizama hukokota. Zikiwa juu mno, chombo kinalala upande mmoja mpaka ndubi iyafikie maji.

Mlingoti ni sm 36, sm 6 kati ya hizo zikiingia kwenye mwili, na usimame sm 20 kutoka omo ukiinamia mbele kidogo tu. Foramali, yaani mti unaobeba tanga, ni sm 64, nyembamba kwenye ncha. Kwa tanga, hakuna kitambaa kinachoshinda cha mwavuli uliovunjika: ni chepesi, hakipitishi upepo, hakinywi maji. Kanga ikirowa huwa nzito kuliko mlingoti wenyewe. Kata kwenye vipande viwili vya mwavuli vilivyoshonana, mshono uuache. Upande wa foramali uwe 58, upande wa nyuma 45, upande wa chini 40. Upande wa nyuma ufuate uzi wa kitambaa. Ukikata mshazari utavutika na tanga litafanya mfuko. Ning'iniza foramali kwa sm 34 kutoka ncha yake ya chini, funga ncha hiyo kwenye omo, na demani, yaani kamba ya kukaza na kulegeza tanga, itoke pembe ya nyuma ya tanga hadi kitundu kilichotobolewa karibu na tezi.

Yule wa miaka 11 anaweza kushika patasi, kwa sharti gogo liwe limefungwa kwenye benchi na mikono yake yote miwili iwe nyuma ya makali. Hapa hatukubaliani na wazazi wanaofanya kazi yote na kumwachia mtoto rangi. Mtoto asiyefunga mirengu mwenyewe hatajua cha kufanya siku kamba itakapolegea majini.

SWALI: Kingalawa chetu ni kizuri na hakivuji. Lakini tukikiachia kinakwenda hatua chache, kinageukia upepo, tanga linapigapiga, kinasimama. Tumeongeza usukani mkubwa, hali ni ile ile. — Baba wa wawili, Fumba

JIBU: Usukani mkubwa umekupunguzia mwendo tu, utoe. Tatizo lako ni kwamba nguvu ya tanga iko nyuma mno ya kituo cha mwili.

Pima hivi. Kwenye maji matulivu, tanga likiwa limeshushwa, sukuma ubavu wa chombo kwa kijiti. Ukisukuma karibu na omo, omo itatangulia. Ukisukuma karibu na tezi, tezi itatangulia. Tafuta mahali ambapo chombo chote kinakwenda ubavu kwa pamoja, weka alama. Kwa mwili wa sm 60, alama hiyo huwa karibu na sm 30 kutoka omo. Kisha tandaza tanga mezani, chora mstari kutoka kila pembe hadi katikati ya upande unaoitazama. Mistari mitatu hukutana mahali pamoja. Hapo ndipo kituo cha tanga. Pandisha tanga na uangalie kituo hicho kimeangukia wapi juu ya mwili. Kiwe mbele ya alama ya mwili kwa sm 3 hadi 5. Kikiwa sawasawa nayo au nyuma yake, chombo hugeukia upepo, hata ukikifanyia dua.

Kabla hujahamisha mlingoti, anza na demani. Makosa mengi yako hapo: demani imekazwa mno. Ilegeze mpaka tanga lianze kutikisika upande wa mbele, kisha ikaze kidogo, mtikisiko ukome, ifunge hapo. Bado kinageuka? Sogeza foramali mbele sm 2 kwa kubadilisha mahali pa kuining'iniza. Bado? Inamisha mlingoti mbele zaidi. Usukani uje mwisho, na uupinde kidogo sana.

Kinyume chake nacho hutokea: chombo kinaukimbia upepo na kwenda unakoelekea. Hapo usikimbilie tanga. Angalia ndubi ya upande wa chini ya upepo. Ikiwa imezama inakokota, na inakivuta chombo kugeukia upande wake. Ipandishe kidogo, au ongeza mpindo wa omo yake. Tanga likiwa kubwa kuliko upepo wa siku hiyo, ndubi itazama kila mara, kwa hiyo wakatie watoto tanga la pili lenye 46, 36 na 32 kwa siku za upepo mkali wa Kusi.

SWALI: Mzee mmoja ameniambia nipake mafuta ya nazi badala ya rangi. Ni kweli? Na sifa, yale mafuta ya papa, je? — Msomaji, Makunduchi

JIBU: Mafuta ya nazi hayakauki. Yatabaki yakinata, yatashika mchanga, na ukitaka kupaka rangi baadaye haitashika. Sifa inalinda mbao vizuri, ndiyo maana mafundi wa vyombo wanaitumia, lakini chombo cha mtoto kinalala ndani ya nyumba na harufu ya sifa haitoki. Mafuta ya maganda ya korosho yanahifadhi mbao sana. Mtoto asiyaguse kabisa, yanachoma ngozi. Tumia rangi ya mafuta, mikono miwili ndani na nje, ukisubiri saa 24 kati ya mkono na mkono. Na mti uwe mkavu: rangi ikipakwa juu ya unyevu hufura na kubanduka.

SWALI: Nimemuundia mwanangu jahazi la mbao nyembamba, urefu sm 50, upana 13. Linapendeza. Likipandishwa tanga linapinduka papo hapo, hata upepo ukiwa mdogo. Nimetia mchanga ndani, limekuwa baya zaidi. — Baba Mwinyi, Mkoani

JIBU: Jahazi halina ndubi, kwa hiyo uzito wa chini ndio unaolisimamisha. Mchanga umekuponza kwa sababu unatembea: chombo kikiinama, mchanga wote unakimbilia upande ulioinama na kukimalizia. Uzito lazima ufungwe usisogee.

Tumia nondo, masalio yake yapo kwenye kila nyumba inayojengwa. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa gramu 888 kwa mita. Kata vipande viwili vya sm 25. Kila kimoja ni gramu 222, jumla gramu 444, na kwa jahazi la sm 50 hicho ni kiasi cha kuanzia. Viondoe kutu kwa msasa, vipake rangi mikono miwili, kisha vifunge chini ya mwili kwa nje, kimoja kila upande wa mkuku (uti wa chini wa chombo), kwa waya wa shaba au kamba iliyolowekwa epoksi. Gramu mia zilizo sm 4 chini ya mwili zina nguvu kuliko gramu mia mbili zilizolala ndani.

Jaribu hivi: majini, laza chombo kwa mkono mpaka ncha ya mlingoti iguse maji, achia. Kiinuke chenyewe. Kikiinuka polepole, ongeza kipande kifupi au fupisha mlingoti sm 5. Kisipoinuka kabisa, tatizo ni mlingoti na foramali nzito. Badilisha mbao kwa mwanzi. Halafu angalia maji yamefika wapi ubavuni. Yakibakisha chini ya sm 3 hadi ukingoni, umezidisha uzito.

Wengine hutumia chubwi za risasi, hata kuyeyusha risasi jikoni. Tunawaomba wasifanye hivyo. Risasi ni sumu, mvuke na vumbi lake huingia mwilini, na madhara yake kwa mtoto mdogo ni makubwa kuliko kwa mtu mzima. Nondo inatosha.

SWALI: Mapacha wangu wana miaka minne. Patasi na msumeno ni mapema kwao, lakini wakiwaona kaka zao wanalia. Wafanye nini? — Mama Mapacha, Chake Chake

JIBU: Bi mkubwa, mnazi umekwisha kuwaundia. Karara lililokauka, lile ganda la kole la mnazi, lina umbo la dau tayari. Chagua lisilo na ufa, kata katikati ili upate kipande cha sm 30 hadi 40 chenye ncha moja, na ile sehemu iliyo wazi izibe kwa kibao kidogo na gundi. Chomeka chelewa tatu zilizofungwa pamoja ziwe mlingoti, zikishikwa na bonge la udongo wa mfinyanzi au kipande cha ndara iliyokatika. Tanga liwe jani la mkungu au karatasi ya daftari. Watoto wa umri huo hawahitaji kupiga bisho, yaani kwenda kinyume cha upepo. Wanataka kusukuma na kuona kinakwenda.

Na kwa kuwa uko Pemba, muwale haukosekani. Bua la muwale lililokauka ni jepesi na hukatika kwa kisu cha jikoni. Kata vipande vinne vya sm 25, vipange pamoja, vipitishe vijiti viwili vya kukingama, funga. Wewe kata, wao wapange na kufunga. Fundo litakuwa baya. Liache hivyo hivyo mpaka lifunguke majini, kisha wafundishe fundo la pili.

SWALI: Nilikata tawi la msufi, nikaliweka juani likauke upesi. Wiki ya pili limepasuka kutoka katikati hadi ukingoni. — Babu wa wajukuu watano, Mkokotoni

JIBU: Babu, shikamoo. Nje imekauka na kusinyaa ndani kukiwa bado kubichi, na tawi lilikuwa na moyo wake. Mti wa duara wenye moyo katikati hupasuka karibu kila mara. Tawi linalofuata lipasue mara mbili au nne likiwa bichi, utoe moyo, kisha upake rangi nzito kwenye ncha zilizokatwa, maana huko ndiko maji yanakotokea upesi mno. Liweke kivulini penye upepo, juu ya vijiti lisiguse sakafu. Kila wiki lipime kwenye mizani ya dukani na uandike juu yake. Uzito ukikaa pale pale wiki tatu mfululizo, limekauka. Msufi unaliwa na wadudu upesi, kwa hiyo gome litoke siku ile ile.

SWALI: Wanafunzi wangu wa skuli wameona picha ya mtepe na wanataka kuunda mdogo. Unaweza kushonwa kweli? — Mwalimu, Wete

JIBU: Unaweza, na ni kazi nzuri kwa darasa kwa sababu kila mtoto anapata ubao wake wa kushona. Mtepe ulikuwa chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba ya makumbi bila misumari ya chuma, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Mmoja uliundwa upya mwaka 2003 na kuwekwa kwenye makumbusho ya Beit el-Ajaib, Mji Mkongwe, kabla sehemu ya jengo hilo haijaporomoka Desemba 2020.

Tumieni plaiwudi ya milimita 3, urefu wa chombo sm 40. Vitundu viwe vya milimita 2, sm 1.5 kati ya kimoja na kingine, na sm 0.7 kutoka ukingoni; vikisogea ukingoni zaidi ya hapo plaiwudi inachanika uzi ukikazwa. Chapeni mfano wa karatasi wenye alama za vitundu mugandishe kwenye mbao zote mbili zinazokutana, vinginevyo vitundu havitalingana na ubavu utapinda. Kati ya mbao mbili lazeni uzi wa pamba ulioshindiliwa, kisha shoneni mkipitisha juu yake. Uzi wa usumba uloweke kwanza, ukazwe ukiwa umerowa. Kila kitundu kikimaliza kazi, pigeni kijiti cha chelewa ndani yake ili uzi usirudi, kateni usawa wa ubao. Vitundu vikiachwa wazi chombo kitajaa maji dakika ya kwanza. Tanga lifumwe kwa miyaa myembamba iliyochanwa, sm 25 kwa 25. Msitarajie mtepe upige bisho. Utakwenda na upepo wa nyuma, na hivyo ndivyo muuonyeshe.

SWALI: Tuwapeleke wapi na lini watoto wakajaribu vyombo? Naogopa bahari. — Mama Khadija, Bububu

JIBU: Mama Khadija, chombo cha kwanza kijaribiwe kwenye beseni, cha pili kwenye madimbwi yanayobaki maji yakipwa. Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe hadi Jambiani, madimbwi ni mapana na ya kina cha goti la mtoto, na upepo unafika. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana karibu saa 4 asubuhi, kisha kila siku yanachelewa kama dakika 50. Fikeni saa moja kabla, mwondoke maji yanapoanza kurudi. Tofauti ya maji siku hizo hufika karibu mita 4, na kwenye mchanga ulio bapa bahari inatembea kwa kasi. Dimbwi la goti linakuwa la kiuno watoto wakiwa bado wanacheza. Viatu vya mpira vivaliwe kwa ajili ya matumbawe.

Chombo kiachiwe upepo ukipiga ubavu, kivuke dimbwi kutoka ukingo hadi ukingo, mtoto mmoja kila upande. Upepo ukielekea baharini, msikiachie bila mshipi: mita 20 za mshipi mwembamba, ufungwe chini ya mlingoti. Ukifungwa kwenye tezi unashindana na usukani. Na waambiwe kabla hawajaingia majini kwamba chombo kikipita miamba hakifuatwi, hata kikiwa kizuri namna gani. Mbao za msufi zipo, kitaundwa kingine.